Debe la Jibini Nyeupe Kando ya Barabara ya Bilpam

Katika duka moja kando ya Barabara ya Bilpam, jibini haikai kwenye friji. Inakaa ndani ya debe la bati, chini sakafuni, kati ya gunia la dengu na gunia la mtama, imezama katika maji ya chumvi yenye weupe kama wa maji ya kuoshea mchele. Mwenye duka hutia kisu kirefu, huinua pande moja, hulitikisa maji yadondoke, kisha huliweka kwenye mizani. Februari na Machi joto la mchana hapa Juba hukaribia nyuzi 40 za Selsiasi, na jibini hiyo imekaa debeni wiki kadhaa bila hata kipande cha barafu. Haijaoza. Kwenye rafu ya juu yake kuna vikopo vya mviringo vyenye vipande vya pembetatu vilivyofungwa kwa karatasi ya kung'aa, navyo havisumbuliwi na joto. Jibini pekee inayodai friji ni ile ya manjano inayoletwa kutoka Kenya na Uganda, na ndiyo niliyowahi kuitupa mara nyingi kuliko nyingine zote.

Kwa nini ya debeni inaishi na ya frijini inakufa? Tangu nilipolielewa jibu la swali hilo, sinunui jibini kwa kutazama jina la kampuni. Najiuliza ina maji kiasi gani, chumvi kiasi gani na uchachu kiasi gani. Katika mtaa ambao umeme hukatika na jenereta ya jirani huzimwa saa nne usiku, mambo hayo ndiyo yanayoamua kama fedha yako italiwa na watoto au na ukungu.

Wengi wakisikia Bilpam hufikiria makao makuu ya jeshi, na ni kweli yako hapa. Jina lenyewe lilitoka mbali. Bilpam ya kwanza ilikuwa kambi katika eneo la Gambela, Ethiopia, kituo cha SPLA, jeshi la ukombozi la kusini, tangu harakati ilipoanza mwaka 1983, na jina likaja Juba pamoja na wapiganaji. Leo kando ya barabara kuna nyumba, maduka, vibanda vya chai na watu waliorudi kutoka Khartoum, Kakuma, Adjumani na Kampala, kila mmoja akiwa amerudi na jiko lake. Asubuhi moja utaona ful, yaani maharagwe yaliyopondwa, iliyonyunyiziwa jibini nyeupe, mtindo wa Khartoum, na hatua chache mbele Mganda anakunja chapati na mayai. Lugha nazo zinakutana. Ukisema jibini, mwenye duka anayezungumza Kiarabu cha Juba anasikia jibna, kwa sababu maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, yote yametoka katika Kiarabu. Atakuuliza jambo moja tu: *gedim wala jedid*, ya zamani au mpya? Ni swali zuri, na jibu lake linaanzia kwenye maziwa.

Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87. Katika maji hayo mna sukari iitwayo laktosi, mna matone ya mafuta, mna madini, na mna protini. Protini nyingi ni kaseini, nayo haiogelei peke yake. Imejikusanya katika vifundo vidogo mno, ambavyo kipenyo chake ni kama sehemu moja au mbili ya elfu kumi za milimita, vikiwa vimeshikiliwa ndani na kalsiamu na fosfati. Kila kifundo kimevaa aina fulani ya kaseini iliyochomoza nje kama manyoya, yenye chaji hasi ya umeme. Vifundo viwili vikikaribiana, manyoya hayo husukumana. Ndiyo maana maziwa yanabaki kimiminika.

Manyoya hayo ndiyo walinzi wa vifundo. Kutengeneza jibini ni kuwaondolea walinzi hao kazi yao, na njia ni mbili. Ya kwanza ni kuwanyoa. Tumbo la ndama anayenyonya lina kimeng'enya kiitwacho kimosini ambacho hukata yale manyoya mahali pamoja hasa, vifundo vikabaki na upara, vikashikana na kuwa wavu laini unaonasa mafuta na maji. Siku hizi kimeng'enya hicho hutengenezwa pia kwa kuvu na vijidudu viwandani, huuzwa kama unga, tembe au matone. Njia ya pili ni uchachu. Ukimimina maji ya limau au siki, au ukiwaachia bakteria wageuze laktosi kuwa asidi, chaji ile hasi inafifia. Ukifika pH ya 4.6 hivi, kaseini haina tena sababu ya kukimbiana. Mama wa kambi ya ng'ombe anayeacha maziwa yagande ndani ya kibuyu anafanya kazi hiyohiyo, ila yeye huishia kwenye mtindi na siagi.

Kinachofuata ni kuondoa maji. Wavu unakatwa, unaminywa, unatiwa chumvi, na kadiri maji yanavyotoka ndivyo vijidudu vya kuozesha vinavyokosa pa kuishi. Jibini ngumu kama cheddar hubaki na maji yasiyozidi asilimia 40, na huchukua kama lita 10 za maziwa kupata kilo moja. Jibini laini mbichi huweza kubaki na maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya bei kutofautiana: kwenye jibini ngumu unalipia maziwa mengi, kwenye laini unalipia pia maji.

Sasa lile debe. Jibini nyeupe ya Sudani, *jibna beida*, ambayo mji wa Ed Dueim kando ya Nili Nyeupe una sifa nayo ya miaka mingi, hutengenezwa kinyume na desturi ya Ulaya. Mzungu hugandisha maziwa kwanza, akatia chumvi baadaye. Msudani, kama Mmisri mwenye jibini yake ya Domiati, hutia chumvi ndani ya maziwa yangali maziwa, mara nyingi gramu 60 na hata 100 kwa lita, ndipo akatia kimeng'enya. Bahari ya Hindi ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Fikiria basi: vijidudu vingi vya kuozesha ambavyo vingeweza kuvamia maziwa hayo vinakutana na kitu kikali kuliko bahari tangu dakika ya kwanza. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya seli zao, zikasinyaa na kukwama. Wanaobaki hai ni bakteria wachache wavumilivu, wengi wao wa jamii ile ya mtindi, nao hufanya kazi polepole, wakiichachusha jibini wiki baada ya wiki ndani ya maji yake yenyewe. Chumvi inalinda mwanzoni, uchachu unapokea zamu baadaye. Aliyebuni njia hii alijua joto la bonde la Nili. Hakuwa na friji na hakuihitaji.

Kwa hiyo *jedid*, ile mpya, ni tamu kidogo, laini, ina chumvi nyingi lakini uchachu mdogo. *Gedim* imekauka kidogo, imechachuka, inamomonyoka ukiibonyeza, na harufu yake inapanda puani. Ya kula na mkate na nyanya mimi huchagua mpya. Ya kunyunyizia juu ya ful, ambako kuna mafuta ya ufuta, kitunguu kibichi na maharagwe yaliyopondwa, ya zamani ndiyo inayosikika. Ipo pia ile ya kusukwa kama nywele, *mudaffara*, yenye punje nyeusi za habasoda, ambayo nyuzi zake huchanwa kwa vidole. Ukiiona, nunua kidogo, kwa sababu ina chumvi ya kutisha.

Tangu vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, biashara ya kutoka kaskazini imevurugika, na debe lililokuwa likipatikana kila duka sasa lazima uliulizie. Jirani yangu mmoja, mama aliyelelewa Omdurman, ananiambia kwamba anaponunua jibini hii hatafuti ladha tu, anatafuta asubuhi za nyumbani kwao. Naye ndiye aliyenifunza kulitazama debe kabla ya kuitazama jibini. Bati likivimba, gesi imejaa, maana yake kuna vijidudu visivyotakiwa vinavyofanya kazi ndani, acha. Maji ya debe yawe ya rangi ya maziwa au ya manjano hafifu, yasiwe ya kuvutika kama mlenda. Jibini yenyewe isiwe na ute juu yake. Ikiwa na vijitundu vingi vidogo kama sifongo, maziwa yalikuwa machafu tangu mwanzo. Na muuzaji atumie kisu, asitumbukize mkono.

Chumvi hiyo ina gharama yake mwilini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na vipande vichache tu vya jibini ya debe vinaweza kukufikisha hapo kabla ya chakula cha mchana. Basi itolewe. Kata vipande vyembamba, unene wa kidole kidogo, uviloweke katika maji kwa nusu saa, ubadilishe maji mara moja. Wembamba ni muhimu kuliko muda. Chumvi hutoka kwa kusambaa yenyewe kutoka penye nyingi kwenda penye kidogo, na ukiongeza unene mara mbili, muda unaongezeka karibu mara nne. Watu huloweka bonge zima usiku kucha, asubuhi wakakuta nje ni ute na katikati bado ni chumvi tupu. Ule ute nao una sababu: maji matupu hufyonza kalsiamu iliyokuwa ikishikilia wavu wa kaseini, ngozi ya jibini ikalegea. Ukiiloweka katika maziwa badala ya maji, kalsiamu inabaki, na jibini hutoka nyororo.

Kuhusu maji nitasisitiza, kwa kuwa maji mengi ya mtaani hapa huletwa na malori yanayochota Nili. Umenunua chakula kilicholindwa na chumvi kwa wiki nyingi. Ukikitia katika maji ambayo hayakuchemshwa, umemwondoa mlinzi na kuwakaribisha wezi kwa wakati mmoja. Chemsha maji, yapoe, ndipo uloweke. Na loweka kiasi cha kuliwa siku hiyo tu. Nyingine iache ndani ya maji yake. Kama muuzaji hakukupa ya kutosha, chemsha lita moja ya maji na gramu 100 za chumvi, yapoe, tia kijiko cha siki, uizamishe yote. Kipande kinachochungulia juu ya maji ndicho kitakachoota ukungu.

Tupande kwenye rafu ya zile pembetatu. Mwaka 1911, katika mji wa Thun nchini Uswisi, Walter Gerber na Fritz Stettler walikuwa wakitafuta namna ya kusafirisha jibini kwenda nchi za joto bila kuharibika. Waliiyeyusha pamoja na chumvi za asidi ya limau, yaani sitrati. Sitrati huing'ang'ania kalsiamu na kuitoa katika wavu wa kaseini, protini ikawa huru kushika maji na mafuta pamoja, vyote vikawa uji laini usiotengana. Uji huo hupashwa moto wa kuua vijidudu, ukafungwa ukiwa moto. Mfaransa Léon Bel alisajili La vache qui rit mwaka 1921, na tangu hapo ng'ombe huyo anayecheka amefika hadi maduka ya Juba. Wapishi wakubwa huidharau jibini hii. Mimi siidharau. Ilibuniwa kwa ajili ya mahali kama hapa, na mtoto anayekwenda shule na kipande kimoja ndani ya mkate hatapata tumbo la kuendesha saa nne asubuhi.

Ila soma kifungashio. Jibini ya kusindikwa ya kweli itaanza na neno jibini au maziwa katika orodha ya viambato, halafu zile chumvi za kuunganisha: E331 ni sitrati, E339 na E450 hadi E452 ni fosfati za namna mbalimbali. Hizo si za kuogopa kwa kiasi cha kawaida. Kinachonikera ni pale mafuta ya mawese au mafuta ya mboga yanapotajwa mapema, maziwa yakifuata nyuma. Hicho ni kitu kingine kilichovaa nguo za jibini. Nyingi za jibini nyeupe za pakiti za karatasi kutoka nje, na hata maziwa mengine ya unga ya bei rahisi, zimeondolewa siagi na kutiwa mawese. Haziui, lakini hazina ladha ya kukaa kinywani wala hazipikiki vizuri, na si haki kumlipisha mama bei ya maziwa kwa mafuta ya mawese. Maandishi ni madogo. Simama hapohapo dukani, uyasome.

Ya manjano, cheddar na gouda na mozzarella, husafiri kutoka viwanda vya Kenya na Uganda, ikaingia kupitia Nimule na kupanda ile barabara ya lami ya kilomita 192 iliyokamilishwa mwaka 2012. Njiani kuna vizuizi, mpakani kuna foleni, na sanduku la baridi halibaki baridi milele. Niliwahi kununua bonge la cheddar katika duka moja lenye friji nzuri ya kioo, nikafika nyumbani nikakuta mafuta yamechuruzika ndani ya plastiki na harufu ya siagi iliyochacha. Iliyeyuka njiani, ikagandishwa tena. Mafuta ya jibini huanza kulainika kwenye joto la kawaida la chumba, na yakishatoka katika wavu wa protini hayarudi mahali pake hata ukiibaridisha namna gani. Siku hizi naibonyeza kupitia plastiki: iwe imara, isiwe na jasho la mafuta kwenye pembe, na plastiki iwe imebana. Ikiwa imevimba kama mto, siinunui. Nanunua bonge, siyo ile iliyokwisha kukwaruzwa, kwa kuwa ya kukwaruzwa hutiwa wanga au nyuzinyuzi za mimea ili isishikane, na mahali pengi pa kugusana na hewa ni mahali pengi pa ukungu kuanzia. Nyumbani, bonge lifungwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa siki kidogo, halafu ndani ya chombo. Ukungu ukiota kwenye jibini ngumu, kata sentimita mbili na nusu kuzunguka na chini ya doa, iliyobaki inalika. Kwenye jibini laini usijaribu, tupa yote, kwa sababu penye maji mengi nyuzi za ukungu na sumu yake husafiri mbali kuliko jicho linavyoona.

Kupika nayo kuna siri moja inayoeleza mambo mengi: kuyeyuka. Jibini huyeyuka wavu wa kaseini unapokuwa na kalsiamu ya kutosha kuishikilia ikiwa baridi, lakini isiwe nyingi hadi ikatae kuachia ikipashwa moto. Hilo hutokea uchachu ukiwa pH 5 hadi 5.4 hivi, na ndipo cheddar changa, gouda na mozzarella zinapokaa. Jibini nyeupe ya debe ikiwa mpya iko juu ya hapo, kalsiamu imekaza. Ikiwa ya zamani iko chini, kalsiamu imetoka na protini zimeng'ang'aniana zenyewe. Kwa vyovyote haitiririki. Itie kwenye kikaango chenye mafuta na itabaki kipande, ikipata ngozi ya kahawia, kitu kizuri mno pembeni ya mayai au ndani ya sambusa ya mchicha. Usiilazimishe kuwa mchuzi.

Ukitaka mchuzi wa kumiminia tambi, au wa kupakia viazi, tumia ya manjano na uogope moto. Protini ikizidi kupashwa moto hujikaza kama nyama, ikaminya mafuta nje, ukabaki na vipande vya mpira vinavyoogelea. Chemsha kikombe cha maziwa na kijiko cha unga wa ngano hadi yawe mazito, epua sufuria kwenye makaa, ndipo utie jibini iliyokwaruzwa kidogo kidogo. Wanga wa unga unajipenyeza kati ya protini usiziache zikumbatiane. Halafu lipo jambo ninalolipenda kuliko yote katika kemia ya jikoni: tia kipande kimoja cha pembetatu. Kina zile chumvi za sitrati au fosfati, na kiasi chake kidogo hutosha kuutuliza mchuzi mzima. Jibini ya bei rahisi kwenye rafu inaiokoa ya bei ghali iliyoko frijini.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Sudan Kusini ina ng'ombe wengi kuliko idadi ya watu katika maeneo mengi yake; makadirio yanayotajwa huzidi milioni 10. Wamundari wa Terekeka, kaskazini mwa Juba, wanalisha ng'ombe wao wenye pembe ndefu kwenye ukingo wa Nili, na jioni moshi wa kinyesi kilichokauka hutanda kambini kufukuza wadudu. Nasi huku mjini tunakunywa maziwa ya unga. Sababu zinaeleweka. Ng'ombe wa Kinailoti hutoa lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kunyonya, wakati wa kiangazi hupungua zaidi, na kambi huhama kufuata maji. Maziwa ni chakula cha kambi kabla ya kuwa bidhaa.

Hata hivyo, watu wa bonde hili hawakuanza kutumia maziwa jana. Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza ukoga uliogandamana kwenye meno ya watu wa kale, na katika mabaki ya Kadruka, kaskazini mwa Sudani, wakakuta protini za maziwa zenye umri wa miaka 6,000 hivi. Miaka kumi na minne kabla, mwaka 2007, kundi la Sarah Tishkoff lilionyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki na Sudani wana mabadiliko ya kijeni ya kwao wenyewe, tofauti na yale ya Wazungu, yanayowawezesha watu wazima kumeng'enya laktosi. Si kila mtu anayo. Binadamu walio wengi duniani hupoteza uwezo huo wakiacha kunyonya, na ndiyo maana kikombe cha maziwa humtia jirani yako gesi ilhali wewe unatulia. Kwake yeye jibini ni neema: sehemu kubwa ya laktosi hutoka na majimaji, na iliyobaki huliwa na bakteria. Cheddar iliyokomaa karibu haina laktosi kabisa, lakini gramu 30 zake zina takriban miligramu 200 za kalsiamu.

Maziwa ya kambini yakifika mjini, mara nyingi kwa pikipiki ndani ya dumu la plastiki, yanaweza kubeba bakteria wa brusela. Ugonjwa wanaouleta humpa mtu homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na kwa urahisi hudhaniwa kuwa malaria. Uchunguzi katika kambi za Terekeka na Bahr el Ghazal umeukuta kwa ng'ombe na kwa wafugaji. Jibini mbichi ya maziwa yasiyochemshwa huuhifadhi vizuri kabisa. Hilo nalo ni la kale: mwaka 2018 wanakemia waliochunguza jibini ya miaka zaidi ya 3,000 kutoka kaburi la Ptahmes huko Saqqara, Misri, walikuta dalili za protini ya brusela ndani yake. Dawa ni moto. Nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, hutosha. Asiye na kipimajoto achemshe hadi yafure. Mwenye mimba asionje jibini laini ya maziwa mabichi hata kidogo.

Moto huo unaleta tatizo dogo la kisayansi ambalo limewakatisha tamaa wengi. Ukichemsha maziwa sana, au ukitumia yale ya pakiti yanayokaa miezi bila friji, protini za majimaji hufunguka na kujibandika kwenye manyoya ya kaseini. Kimeng'enya hakiwezi tena kunyoa vizuri. Unatia tembe, unasubiri, unapata uji. Si kosa lako wala la tembe. Maziwa ya namna hiyo yanataka njia ya pili, ya uchachu, na kwa njia hiyo zile protini zilizofunguka zinageuka kuwa faida, kwa kuwa zinaganda pamoja na kaseini na kukuongezea kiasi.

Hivi ndivyo ninavyofanya Jumamosi. Lita 2 za maziwa, yawe ya kambini au ya pakiti au ya unga wenye mafuta yake kamili, gramu 130 kwa kila lita, huyapasha kwenye jiko la makaa nikikoroga chini yasiungue. Yakianza kupanda naepua. Namimina maji ya limau, vijiko vya chakula 3 au 4, polepole, nikikoroga mara chache tu. Ghafla kunatokea mawingu meupe na maji ya kijani hafifu. Kama maji bado ni meupe, naongeza limau kidogo. Nasubiri dakika kumi, nachuja kwa kitambaa cha kanga ya zamani iliyochemshwa, natia kijiko cha chai cha chumvi na habasoda, nafunga, naweka chini ya sufuria iliyojaa maji kwa saa moja. Napata gramu 300 hadi 400 hivi za jibini imara ambayo haiyeyuki, inayokaa vizuri ndani ya mchuzi wa nyanya au katika mboga za majani zenye karanga. Haina chumvi ya kuilinda kama ile ya debeni, basi inaliwa siku hiyohiyo, au hadi kesho yake ikikaa ndani ya chungu.

Chungu ninachokisema ni vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Mwalimu wa Nigeria Mohammed Bah Abba alikisambaza kaskazini mwa nchi yake miaka ya 1990, na watu wa Sudani walikuwa wakijua baridi ya *zir*, mtungi wao wa maji, zamani sana. Maji yanapogeuka mvuke hubeba joto, na joto hilo hulitoa ndani ya chungu. Januari hewa ya Juba ikiwa kavu kinafanya kazi ya kupendeza. Agosti hewa imelowa, mvuke hauna pa kwenda, nacho hugeuka kuwa chungu tu. Miezi hiyo narudi kwa mwenye debe.

Yale maji ya kijani yaliyobaki siyamwagi. Ndiyo yenye sehemu kubwa ya laktosi, madini na vitamini B, na yana limau tayari. Nayakandia unga wa chapati badala ya maji matupu. Zikitoka kwenye chuma zina madoa ya kahawia zaidi kuliko kawaida, kwa sababu sukari ya maziwa inapokutana na protini kwenye moto hubadilika rangi na kutoa harufu ya mkate, na watoto wa jirani huifuata harufu hiyo hadi mlangoni kabla sijawaita.